Maswali Yenu: Mtoto Ametumiwa PDF na Simu Imenyamaza

Toleo lililopita niligusia kidogo vitabu vya watu ambao hawawezi kusoma maandishi ya kawaida ya karatasi, yaani wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia, na hata wale ambao mikono haina nguvu ya kushika kitabu wala kufunua kurasa. Tangu hapo maswali hayajakoma, kwa hivyo ukurasa wote wa leo ni wa hiyo mambo. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha, na maswali yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

SWALI: Mwalimu hujambo. Niko na msichana wa Gredi ya 8, haoni kabisa, yuko shule ya kawaida yenye kitengo cha wasioona huku Eastlands. Vitabu vya breli vinachelewa ama haviji, sasa mwalimu wa sayansi ananitumia PDF kwa WhatsApp anasema simu itamsomea. Simu inataja jina la faili halafu inanyamaza. Nimebadilisha simu, nimepeleka kwa fundi, wapi. Shida ni nini? Mama wa Kayole.

JIBU: Mama, pole sana kwa hiyo gharama, na simu mrudishie mtoto manake haina ubovu wowote. Shida iko kwa faili. Kuna PDF za aina mbili na ukiziangalia kwa macho zinafanana kabisa. Moja ndani yake kuna maandishi, herufi kwa herufi, na nyingine ni picha tu, mtu alipiga kitabu picha ukurasa kwa ukurasa ama akakipitisha kwa skana pale saiba. Wewe unaona maneno, lakini ile programu inayosoma skrini haioni neno hata moja hapo, inaona picha, na ndani ya picha hakuna herufi ya kutamka, ndiyo maana inanyamaza.

Pima hivi. Fungua hiyo PDF, weka kidole juu ya neno moja ushikilie kidogo. Neno likipakwa rangi na ukaweza kulikopi, hiyo ina maandishi na simu itaisoma. Ukishikilia na hakuna kitu kinashikika, ama ukurasa wote unashikwa kwa mpigo, hiyo ni picha, usimalize data kuipakua mara ya pili.

Sasa kabla ya kitu kingine muulize mwalimu aliitoa wapi. Mara nyingi noti ni zake mwenyewe, alizichapa kwa Word, akaziprinti, halafu akaziskani ndio azitume kwa grupu ya darasa, na hapo katikati ndipo maandishi yamegeuka picha. Mwambie tu kwa heshima akutumie ile Word ya mwanzo vile ilivyo. Hiyo peke yake inatatua mambo mengi sana na haigharimu mtu shilingi, na nasema hivi kwa sababu nimeona wazazi wakitafuta mashine za pesa nyingi na kumbe faili nzuri ilikuwa kwa kompyuta ya staffroom siku zote.

Kama ni kitabu cha duka na hakuna faili nyingine, kuna programu za kutambua maandishi kutoka kwa picha, zinaitwa OCR. Kwa Android kuna Lookout ya Google, ni bure, unaelekeza kamera kwa ukurasa na inajaribu kuusoma. Inasaidia kwa hadithi na maelezo ya kawaida lakini kwa sayansi usiiachie mtoto peke yake nayo, manake ukurasa wenye safu mbili inaweza kuusoma mstari mmoja kukata safu zote, na jedwali linatoka kama maneno yaliyomwagika chini. Lazima mtu anayeona apitie kwanza arekebishe. Michoro pia. Kitabu kikiwa na mchoro wa moyo na chini kumeandikwa "Mchoro 3: Moyo", mtoto anabaki na hayo maneno matatu tu. Kaa naye umwandikie: vyumba vinne, viwili juu viwili chini, damu kutoka mwilini inaingilia upande wa kulia wa moyo, inapelekwa mapafuni, inarudi upande wa kushoto, kutoka hapo inasukumwa mwili mzima. Sentensi kama hizo zikiwa ndani ya faili, ataweza kujibu swali la mtihani sawa na yule aliyeona mchoro.

Halafu sauti. Simu nyingi huja sauti ikiwa imewekwa Kiingereza, na Kiswahili kikisomwa na sauti ya Kiingereza ni kelele, jaribu kuipa "ng'ombe wanakunywa maji mtoni" usikie inavyoparamia hiyo ng'. Enda kwa setingi, tafuta Text-to-speech, pale kwa lugha uchague Kiswahili, kipo na ni bure. Mkipata kompyuta, pakueni NVDA, ni programu ya kusoma skrini ya Windows, bure kabisa, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, akaungana naye rafiki yake ambaye pia haoni, na inakuja na mtambo wa sauti unaoitwa eSpeak ambao unajua Kiswahili.

Na usiogope ati unaiba kitabu. Kama mmekipata kwa njia halali, mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia unatambua kwamba mtu asiyeweza kusoma maandishi, ama anayemtunza kama wewe mama yake, anaweza kujitengenezea nakala ya kusomeka kwa matumizi ya huyo mtu. Usiuze tu wala usiisambaze kwa grupu.

SWALI: Niaje Mwalimu. Nasoma sheria chuo kimoja hapa town na sioni. Kuna kitabu cha sheria ya ushahidi kilichapishwa Uingereza, maktaba yetu iko nacho cha karatasi. Niliomba waniskanie wakasema hapana, ni kuvunja hakimiliki. Ni ukweli? Na wenzetu wa majuu wanapataje vyao? Mwanafunzi, Ngara.

JIBU: Si ukweli ndugu yangu, na hii ndiyo kitu inaniuma kuliko zote kwa haya maswali, manake mlango ulishafunguliwa kitambo na bado watu wanasimamishwa nje na mtu ambaye hajasoma hata ile sheria anayoitaja.

Wacha nieleze kutoka mwanzo ndio uwe na la kuwaambia. Hakimiliki huwa ya nchi kwa nchi. Zamani nchi chache, nyingi zikiwa tajiri, zilikuwa na kipengele cha kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa breli ama sauti bila kwanza kuomba mwenye kitabu, lakini ruhusa hiyo ilikuwa inaishia mpakani. Kwa hivyo kitabu kingetengenezwa kwa breli nchi moja, halafu nchi jirani inayosoma lugha hiyohiyo inaanza kukitengeneza upya kutoka ukurasa wa kwanza, pesa na miezi inakwenda, na kule hakuna uwezo wa kukitengeneza watu hawapati kabisa. Muungano wa wasioona duniani, World Blind Union, umekuwa ukisema miaka mingi kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa ndivyo hufika kwa njia ambayo mtu asiyeona anaweza kusoma, na kwa nchi zetu hali ni mbaya zaidi.

Mwaka 2009 Brazil, Ecuador na Paraguay zikapeleka pendekezo la mkataba kwa WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya hakimiliki. Wachapishaji walikuwa na wasiwasi, mabishano yakaenda miaka, mpaka tarehe 27 Juni 2013 mkataba ukapitishwa mjini Marrakesh, Morocco, na Stevie Wonder ambaye alikuwa amewaahidi wajumbe kwamba wakikubaliana atakuja kuwapigia, akaja kweli akapiga. Ilihitajika nchi 20 ndio uanze kufanya kazi, Canada ikawa ya 20, ukaanza tarehe 30 Septemba 2016. Kenya iliingia 2017. Halafu 2019 Sheria yetu ya Hakimiliki ikarekebishwa ikaingiza hayo mambo ndani ya sheria za nchi, kwa hivyo hata huhitaji kutaja Marrakesh ukiwa hapo kaunta, taja sheria ya Kenya. Na ongeza Katiba ya 2010, kifungu cha 54, kinachosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia breli na njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano.

Kinachoruhusiwa ni mambo mawili makubwa. La kwanza, taasisi isiyofanya kwa faida, kama maktaba, shule, chuo ama shirika la wasioona, inaweza kutengeneza nakala ya breli, ya sauti, ya maandishi makubwa ama faili ya kusomeka kwa skrini, bila kuomba ruhusa ya mwenye kitabu, mradi wanaopewa ni walengwa peke yao. La pili, na hapa ndipo utamu ulipo, taasisi hiyo inaweza kutumiwa nakala iliyokwisha kutengenezwa na taasisi ya nchi nyingine iliyo ndani ya mkataba. Uingereza imo. Maana yake kabla maktaba yenu ihangaike kuskani kurasa mia nane, pengine hicho kitabu chako kipo tayari mahali.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa maktaba, usiongee na wa kaunta, andika barua kwa mkutubi mkuu na nakala kwa ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Taja jina la kitabu, mwandishi, toleo, namba ya ISBN, na umbo unalotaka, kwa mfano Word ama EPUB, ile aina ya faili ya vitabu vya kusoma kwa simu na kompyuta. Uliza kama chuo kimejiunga na ABC Global Book Service, hiyo ni katalogi ya WIPO ambayo maktaba za nchi mbalimbali zinatafutiana na kupelekeana vitabu vya aina hii, na kwa taasisi kujiunga ni bure. Wakati wanajibu, angalia Bookshare, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 ambayo sasa ina vitabu zaidi ya milioni moja, utatakiwa kuonyesha uthibitisho wa ulemavu na kuna ada ya uanachama. Internet Archive nao wana mpango wa wasomaji wenye ulemavu wa kusoma. Anza mapema, kama muhula unaanza Septemba barua iwe imefika Julai, kwa sababu hata taasisi yenye nia nzuri haiwezi kusafisha kitabu kizima kwa wiki moja.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa vyuo vyetu vilifikirie. Uganda iliingia kwa mkataba 2018, Tanzania 2020. Sasa nchi tatu zinazosoma Kiswahili zimo ndani, na Kiswahili ni lugha ambayo hakuna maktaba ya London wala ya Chicago itatufanyia hiyo kazi. Riwaya ikigeuzwa breli Dar es Salaam inaweza kuja Nairobi kwa njia halali kesho asubuhi, kama kuna mtu pande zote mbili anayejua iko wapi. Umoja wa Wasioona wa Afrika, AFUB, makao yake ni hapahapa Nairobi. Mimi sioni kwa nini tusiwe na katalogi moja ya vitabu vyote vya Kiswahili vilivyokwisha kutengenezwa, hata ianze kama orodha ya kawaida kwenye kompyuta.

SWALI: Dada yangu ni kiziwi. Huo mkataba unamhusu? Msomaji wa Umoja.

JIBU: Kwa uziwi peke yake hapana, Marrakesh inahusu wasioona, wenye shida ya kuona au ya kusoma kama disleksia, na ambao mwili hauwaruhusu kushika kitabu ama kutuliza macho kwenye maandishi. Akiwa haoni pia, anaingia. Lakini Katiba yetu inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na kuna kampuni ya hapa Nairobi, eKitabu, ambayo imekuwa ikitengeneza hadithi za video za watoto kwa lugha hiyo, mtafutie.

SWALI: Mwalimu kijana wangu ana miaka 11, mwerevu sana ukiongea naye, anatengeneza redio, lakini kusoma ni vita. Anaruka maneno, anasoma mstari uleule mara mbili, machozi. Shuleni wanasema ni uvivu. Nimesikia disleksia. Je, ni ulemavu kweli na anaweza kupata hivyo vitabu vya sauti? Baba wa Rongai.

JIBU: Mzee, mtoto anayelia juu ya kitabu kila jioni si mvivu, mvivu anakimbia kucheza. Sitakuambia kwa barua kwamba ni disleksia, hiyo inahitaji mtaalamu amwangalie, na pia apimwe macho na masikio kwanza. Enda KISE, ile Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya pale Kasarani, wanafanya tathmini, ama uulize ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu iko wapi EARC, vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ambavyo vimekuwepo tangu miaka ya themanini.

Ikithibitishwa, ndiyo, anahesabika. Mkataba unataja wazi mtu mwenye ulemavu wa kusoma, na watu wengi hawajui hilo, wanadhani ni ya wasioona peke yao.

Lakini hata kabla ya karatasi kutoka, kuna kitu unaweza kuanza leo jioni. Kwa simu yako ya Android, kwa setingi za Accessibility, kuna kitu kinaitwa Select to Speak. Usichanganye na TalkBack, hiyo TalkBack ni ya mtu asiyeona kabisa na ukiiwasha simu nzima inabadilika namna ya kuguswa utadhani imeharibika. Select to Speak unagusa aya, inasoma hiyo aya, na kwa simu nyingi neno linalosomwa linapakwa rangi hapohapo. Kwa mtoto kama wako hiyo ndiyo dawa, macho yanafuata na sikio linafuata, anaacha kupotea mstari. Ongeza ukubwa wa herufi, achia nafasi kati ya mistari, punguza mwendo wa sauti mpaka aseme sawa. Na asome vitu vya redio! Mpe maelezo ya saketi, si lazima iwe hadithi ya sungura. Mwalimu wake mpelekee ripoti ya tathmini mkononi na umwombe asimsomeshe kwa sauti mbele ya darasa kwa kumshtukiza, hilo tu litampunguzia mtoto mzigo.

SWALI: Nimeandika riwaya ya Kiswahili, nachapisha kwa pesa yangu, printa wangu ako River Road. Nimesikia ati sheria inaruhusu vitabu vyetu vigeuzwe bila kutuuliza. Sasa si ndio kutuua? Tayari tunaibiwa kwa fotokopi. Mwandishi, Kasarani.

JIBU: Naelewa hofu yako kabisa, mtu ameuza hata pikipiki ndio achapishe kitabu. Lakini angalia vizuri ni nani anapewa ruhusa. Si mwenye duka, si wa grupu ya Telegram. Ni taasisi isiyo ya faida, kwa ajili ya mtu ambaye hangeweza kununua kile kitabu chako cha karatasi akakisoma hata ungempa bure. Hujapoteza mteja hapo. Na wale wezi wa fotokopi wanaiba kutoka kwa karatasi yenyewe, hawajawahi kusubiri nakala ya breli.

Mimi ningekushauri uende mbali zaidi ya sheria. Wewe uko na ile faili ya kwanza, na faili ya kwanza ikiwa safi inatoka breli, inatoka sauti, inatoka maandishi makubwa, inatoka kitabu cha kawaida cha dukani, zote kutoka kwa kitu kimoja. Ikiwa chafu kila mtu anaanza upya na kulipia upya.

Faili safi ni nini. Kwa Word, kichwa cha sura usikifanye tu kuwa kikubwa na cheusi kwa mkono, kichague kiwe Heading 1 pale juu kwa Styles. Kwa macho ni kilekile lakini msomaji wa NVDA anabonyeza H anaruka sura hadi sura, bila hiyo anasikiliza kitabu chako chote akitafuta sura ya tisa. Usisukume maneno kwa spesi nyingi, usiweke shairi kama picha eti lipendeze, kila picha iandikie maelezo mafupi ya kinachoonekana, na lugha ya hati iwekwe Kiswahili ndio sauti ijue itamke vipi. Halafu DAISY Consortium, hao ndio wamekuwa wakisimamia viwango vya vitabu hivi tangu 1996, wana programu ya bure inaitwa WordToEPUB inayogeuza Word kuwa EPUB, na nyingine, Ace, ambayo inakipima kitabu na kukuambia palipo na makosa. Jioni moja inatosha kwa riwaya isiyo na picha nyingi.

Ukiwa na EPUB nzuri unaweza kuiuza mtandaoni, na asiyeona akainunua siku ileile na wengine wote, kwa bei ileile. Huo ndio ulinzi wako mzuri kuliko kukataa. Na usimwachie printa faili yako ya mwisho bila kubaki na nakala, manake waandishi wengi ukiwauliza faili iko wapi wanasema iko kwa jamaa wa River Road, na jamaa alibadilisha kompyuta.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kitengo cha wasioona. Mwenzangu anasema breli imepitwa na wakati, watoto wasikilize simu tu. Unaonaje? Mwalimu, Buruburu.

JIBU: Naona mwenzako amekosea sana na naomba usimkubalie hata kidogo. Mtoto anayeona hatukumwambia aache kusoma kwa sababu redio ipo. Sauti inakupitishia kitabu lakini haikuonyeshi neno limeandikwaje, wapi kuna mkato, jina la mtu lina herufi gani. Mwanafunzi aliyekulia sauti peke yake unamjua akishaandika insha. Na hesabu je? Mlinganyo mrefu ukisomwa na simu unapita kama upepo, ukifika mwisho umesahau mwanzo, lakini vidole vinarudi nyuma, vinasimama pale kwenye mabano, vinaendelea. Asiyeona na asiyesikia ndiye kabisa, yeye bila breli hana kitabu cha aina yoyote.

Louis Braille alizaliwa Ufaransa 1809, akapoteza macho akiwa mtoto kwa ajali ya karakana ya baba yake, na mfumo wake wa nukta sita ulichapishwa 1829. Karibu miaka 200 na hakuna kilichouzidi.

Ukweli ni kwamba breli ni nzito. Ukurasa mmoja mkubwa wa breli unabeba mistari 25 hivi ya herufi 40, kwa hivyo ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida unaweza kula kurasa mbili tatu, na kitabu cha kiada kinafika shuleni kikiwa mafurushi kadhaa, hakiingii kwa begi. Hapo teknolojia inaisaidia breli badala ya kuizika: kuna vifaa kama Orbit Reader 20, vina pini ndogo zinazopanda na kushuka chini ya vidole, herufi 20 kwa wakati mmoja, na faili unaiweka kwa kadi ndogo ya memori. Na hapo tena tunarudi kwa faili. Faili ya maandishi ikiwepo kile kifaa kinaionyesha kwa breli papo hapo, ikiwa picha, hakuna kitu.

Kwa hivyo fundisha zote mbili. Kusoma mwanzoni, tahajia na hesabu kwa breli, riwaya ndefu na noti za marudio kwa sauti.

SWALI: Shikamoo. Presha ya macho imenipunguzia kuona, gazeti sasa siliwezi na nimelisoma miaka yote. Nifanyeje? Mzee wa Kawangware.

JIBU: Marahaba mzee wangu, ingawa kwa umri wewe ndiye wa kuamkiwa. Kwanza usikose kliniki na dawa hata ukiona hujapata nafuu, kwa presha ya macho kuona kulikopotea hakurudi lakini dawa inalinda kulikobaki. Gazeti, mwombe mjukuu akufungulie Taifa Leo kwa simu, akuze herufi, akuwekee na ile Select to Speak niliyomweleza baba wa Rongai, uwe unagusa habari na kusikiliza. Taa iwe nyuma ya bega lako ikimulika karatasi, isikupige usoni.

SWALI: Niko na sauti nzuri (watu husema) na nafasi jioni. Nataka kujitolea kurekodi vitabu vya Kiswahili kwa wasioona. Naanzia wapi? Binti wa South B.

JIBU: Asante sana, watu kama wewe wanahitajika kweli, hasa kwa Kiswahili ambapo sauti ya mashine bado haina uhai. Usianze peke yako lakini. Ukirekodi riwaya ya mtu ukaiweka YouTube, hiyo si Marrakesh tena, hiyo ni kuvunja hakimiliki hata kama nia ilikuwa safi. Pitia kwa taasisi: shule ya wasioona, Kenya Society for the Blind, maktaba ya chuo, ama uulize Maktaba ya Taifa pale Upper Hill. Wao ndio wanajua wasomaji wao wanasubiri kitabu gani na wao ndio wenye ruhusa ya kukitoa.

Ukishapewa kitabu, anza kwa kutaja jina lake, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Kila ukurasa ukianza taja namba yake, manake darasani wenzake wataambiwa fungueni ukurasa wa 46 na yeye lazima afike hapo pia. Kila sura iwe faili yake, na jina la faili lianze kwa namba, 01, 02, ndio zisichanganyike. Jina geni la mtu ama la mahali, lisome kisha ulitaje herufi kwa herufi mara ya kwanza linapotokea. Picha na majedwali yaeleze, usiyaruke kimyakimya. Usiigize sana, soma kwa mwendo wa kawaida, anayetaka haraka ataongeza kasi mwenyewe, na wengi husikiliza kwa kasi ambayo wewe huwezi kushika neno.

Chumba chenye pazia na nguo nyingi kinatosha, simu iweke juu ya kitu laini, zima feni, na kama mko karibu na barabara subiri matatu zipungue usiku. Rekodi sura ya kwanza peke yake, uitume, msikilizaji aseme kama sauti na kasi viko sawa, halafu ndio uendelee na zingine.